Nakala Tatu za Kirusi

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Kompyuta imeingiwa na mdudu. Naandika mdudu kwa heshima. Majina mengine niliyomwita asubuhi siwezi kuyaweka hapa, maana shajara hii huenda siku moja ikasomwa na mjukuu wangu.

Ilivyokuwa: jana binti yangu alinipigia kwa video kutoka huko mbali anakokaa na mumewe. Picha ikaganda. Dakika kumi na mbili namtazama mwanangu mdomo wazi, jicho moja limefumba. Mjukuu sikumwona, ila ncha ya blanketi lake. Ana wiki sita duniani na ninachokijua kwake ni blanketi! Sauti iliporudi, binti akasema mashine yangu imechoka, tujaribu tena Jumapili ijayo saa nne asubuhi, na ikishindikana tuachane na video, tutakuwa tunatumiana ujumbe tu. Alisema kwa upole sana. Ule upole ndio ulionitia hofu.

Basi leo nikaamua kuipa mashine kasi, mwenyewe, bila kumwuliza mtu. Nikapata programu ya bure inaitwa Fagio la Dhahabu. Eti inafagia takataka zote. Nikabonyeza Kubali mara sita bila kusoma. Mimi! Miaka thelathini na moja karani wa masjala, sijawahi kugonga muhuri karatasi ambayo sijaisoma!

Fagio limefagia kweli. Picha ya marehemu mke wangu iliyokuwa mbele ya skrini haipo, pana tangazo la magodoro. Na kila baada ya dakika nne kengele inalia, kidirisha kinafunguka, mwanamke mwenye meno mengi anatabasamu na sauti inasema: Hongera, umechaguliwa! Mara ya kwanza nilimjibu asante. Nilikuwa nimeshtuka. Isitoshe, hakuna aliyenisemesha humu ndani tangu jana.

Saa sita nikaifuta hiyo programu. Lakini kwanza nikatoa nakala. Masjala haiharibu hati bila nakala, hata iwe hati mbaya namna gani, na ofisini walikuwa wananiita Nakala Tatu kwa sababu hiyo. Walidhani wananitania. Nikaiweka kwenye flashi tatu, nikazibandika karatasi: Nakala ya Kwanza, ya Pili, ya Tatu. Zote ndani ya kopo la biskuti ambalo mke wangu alikuwa akiwekea vifungo vya nguo. Nikaingiza kwenye rejista. Kazi safi. Nimejipongeza.


Jumanne, tarehe 4 Machi

Limerudi! Nimewasha mashine, hata chai sijamimina, kengele! Hongera!

Nimelifuta tena. Limerudi tena. Nimelifuta nikiwa nimesimama, kwa hasira, limerudi nikiwa bado nimesimama.

Mtu pekee mtaani anayejifanya kuzijua kompyuta ni jirani wa mbele, mwalimu mstaafu wa fizikia, wenyewe wanamwita Profesa. Hatusemezani kwa mwaka wa tatu sasa kwa ajili ya mfereji wa maji ya mvua. Mfereji ni wake, maji yanakuja kwangu. Nimemwandikia barua tatu za malalamiko kwa barua pepe, zenye kumbukumbu namba, na hakujibu hata moja. Jumapili anajaza wajukuu. Juzi nilihesabu jozi tisa za viatu mlangoni pake. Sikuwa nachungulia. Dirisha langu ndilo linaloelekea huko.

Nikapanga mbinu. Nikatoka kumwagilia maua yasiyokuwepo, nikamwambia muuza mkaa aliyekuwa akipita, kwa sauti ya juu, kwamba kuna rafiki yangu kompyuta yake inampongeza ovyo. Muuza mkaa akasema pole. Profesa, nyuma ya ua wake, akajibu bila kuulizwa kwamba huyo rafiki achomoe waya wa umeme, kisha na yeye mwenyewe apumzike. Nikarudi ndani kichwa chini.

Mchana nimekwenda kwa fundi wa kompyuta, yule dada mwenye meza nyuma ya duka la madaftari. Ana miaka kama thelathini na tano, skrubu zake kazipanga kwenye vifuniko vya soda, kila kifuniko na namba. Nikampenda papo hapo kwa zile namba. Akaniuliza nilipakua nini. Nikajitia hamnazo, nikasema labda umeme ulicheza. Akanitazama kama Mkuu wangu wa zamani alivyokuwa akiwatazama watu waliodai faili limepotea lenyewe. Kesho anakuja nyumbani saa nne. Nikamweleza kuhusu Jumapili na blanketi. Akaandika Jumapili kwenye kiganja chake kwa kalamu.


Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimeamka alfajiri nikafagia sebule mara mbili. Nikatoa vikombe vya wageni. Vilikuwa na vumbi ndani. Mara ya mwisho vilitumika kwenye msiba wa mke wangu, miaka minne sasa.

Fundi kafika saa nne kamili. Kwanza akachomoa waya wa intaneti, akasema mgonjwa wa kuambukiza hutengwa kabla ya dawa. Kisha akaiwasha mashine kwa ile hali salama, ambapo inaamka na vitu vya lazima tu. Akafungua orodha ya programu zinazojiwasha zenyewe. Zilikuwa ishirini na tatu. Mimi nazijua nne! Akanionyesha siri ya yule mdudu: amejiandikisha kwenye ratiba ya mashine, kwamba akifutwa saa tatu, arudishwe saa tatu na dakika moja. Kirusi kinachofuata ratiba. Katika miaka thelathini na moja sikuwahi kupata karani wa namna hiyo.

Alifanya kazi saa nne nzima. Wakati mashine inajichunguza, alikunywa chai, vikombe vitatu, akanisimulia habari za mama yake mgonjwa wa miguu ambaye anakwenda kumwona kila Jumamosi, na mama huyo analalamika kwamba haji. Nilicheka mpaka nikakohoa. Sauti yangu mwenyewe ilinishangaza, ilikuwa na kutu.

Vitu arobaini na saba viligunduliwa, vikafutwa. Nikamwuliza kama si vizuri kubaki na nakala. Akacheka, akadhani natania. Nikacheka na mimi. Picha ya mke wangu imerudi mbele ya skrini, na waya wa intaneti kaurudisha. Akasema nibadilishe maneno yote ya siri na nisichomeke flashi yoyote mpaka aichunguze. Akaondoka saa nane mchana.

Nyumba ikanyamaza. Nikaosha vikombe. Nikakaa. Nikasimama. Dakika nne zikapita, hakuna kengele.

Hapo nikakumbuka utaratibu. Hati ya asili ikishaharibiwa, karani anahakiki nakala kama inasomeka. Huo ni utaratibu, sikuutunga mimi. Na fundi alisema flashi, nadhani alikuwa na maana ya flashi za watu, si hizi zenye rejista. Nikachomeka Nakala ya Kwanza. Nikaifungua kidogo tu.

Inasomeka. Kengele! Hongera, umechaguliwa!

Nimechomoa waya wa intaneti, nimechomoa flashi, nikairudisha kwenye kopo. Jumapili imebaki siku nne. Lakini kwa kuwa haya ni maandishi yangu ya siri, niseme kweli: kabla ya hofu kulikuwa na kitu kingine, kama mtu aliyesikia hodi. Fundi itabidi aje tena kesho. Vikombe sikuvirudisha kabatini.


Alhamisi, tarehe 6 Machi

Balaa! Mdudu ameandika barua!

Nimefungua barua pepe asubuhi. Kawaida ninazopata ni za idara ya maji na zangu mwenyewe, maana hujitumia nakala. Leo kuna majibu kumi na saba. Kumi na saba! Yule mwanaharamu jana, katika zile dakika chache, ameiandikia orodha yangu nzima, watu mia na thelathini na nane, kwa jina langu kamili. Maneno yenyewe haya hapa: Nimekukumbuka sana. Siku nyingi hatujaonana. Kuna kitu nataka ukione. Bonyeza hapa.

Mimi sijawahi kuandika sentensi kama hiyo maishani mwangu. Haina hata namba ya kumbukumbu.

Mkuu wangu wa zamani, mtu aliyenisainia likizo miaka yote bila kuinua kichwa, amejibu. Anasema na yeye amenikumbuka. Anasema alilazwa wiki mbili mwezi uliopita, wa ofisini hakuja hata mmoja, kumbe wapo wanaomfikiria. Anasema amebonyeza lakini hakikufunguka kitu, nitume tena. Nimeisoma mara nne. Sijui nimjibu nini, kwa hiyo nimeichapa na kuiweka kwenye faili.

Saa tatu mlango ukagongwa. Profesa! Amevaa shati lililopigwa pasi, mikono kaifumbata mbele kama mwanafunzi aliyechelewa. Akasema amepata barua yangu. Akasema tangu ule ugomvi wa mfereji naye hakuwa na raha, ila alikuwa anaona haya kuanza yeye. Nikamkaribisha, ningefanyaje? Akakaa. Akatazama kuta. Akasema sebule yangu ni safi sana, haina hata dalili ya mtu. Kisha akasema alibonyeza, na sasa kompyuta yake inampongeza kila dakika nne.

Hapo ndipo mtu muungwana angesema kweli. Nilifungua mdomo. Nikasema mashine za siku hizi hazitabiriki, na pole sana. Akaniomba namba ya fundi. Nikampa! Nitajisamehe lini?

Maana fundi amekuja saa tano, kwangu kakaa saa moja tu, kikombe kimoja, kisha kavuka barabara kwa Profesa akakaa saa tatu. Nilisikia vicheko. Profesa ana mke anayepika mandazi, mimi nina biskuti za pakiti. Si ushindani wa haki.

Aliponiuliza kilichotokea nilisema labda mabaki. Alipiga picha ya skrini kwa simu yake, akaandika kitu kwenye kidaftari. Huwa sipendi mtu akiandika kitu ambacho sijapewa nakala.

Binti yangu naye yumo katika ile orodha. Hajajibu.


Ijumaa, tarehe 7 Machi

Leo kaja shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Kaja na gauni la kanisani siku ya Ijumaa. Alikuwa na mkoba uliojaa vitambaa vya kufutia macho.

Hakukaa kwanza. Akasimama katikati ya sebule akasema: "Shemeji, miaka minne hujaniuliza hata kama nimeamka. Dada alipokufa ulinitumia barua ya shukrani imepigwa muhuri. Juzi nimesoma yale maneno yako, nikakaa chini pale pale jikoni."

Ni kweli niliipiga muhuri. Barua zote za shukrani za msiba nilizipiga muhuri, sitini na mbili, nakala kwenye faili. Nilidhani ni heshima. Sikujua kama mtu alikaa nayo moyoni miaka minne.

Nilikuwa na maneno mawili ya kuchagua, ni kweli au si kweli. Nikasema karibu chai. Akalia kidogo, akaosha vyombo visivyohitaji kuoshwa, akaniambia nimekonda, akaniambia habari za dada yake walipokuwa wadogo ambazo sikuwahi kuzisikia. Kumbe mke wangu aliwahi kuiba kuku wa mwalimu mkuu! Miaka thelathini na tatu ya ndoa na hakunitajia. Nilimcheka kuku yule, kisha nikanyamaza, maana nilitaka kumgeukia mke wangu nimwulize na kiti chake ni kitupu. Shemeji aliona. Alinimiminia chai nyingine.

Kisha mambo yakaharibika. Alikwenda kutafuta kifungo cha gauni lake, akafungua kopo. Akaziona flashi. Akauliza ni za nini. Ulimi ukanitangulia, nikasema ni kumbukumbu za marehemu, picha na mambo kama hayo. Shemeji akaishika moja kifuani. Akaniomba aende nayo nyumbani akazitazame kwa utulivu. Ningemnyang'anya vipi? Kaondoka na Nakala ya Pili kwenye kitambaa. Nimemsainisha kwenye rejista.

Kidirisha kinaendelea kunipongeza. Kazi ya fundi jana haikuisha, anakuja kesho kumalizia. Jumapili imebaki keshokutwa tu na roho iko juu. Lakini nimehesabu: tangu Jumatano wameingia watu watatu katika nyumba hii. Mwaka jana mzima aliingia msoma mita tu.


Jumamosi, tarehe 8 Machi

Shemeji kapiga simu saa moja asubuhi. Anauliza kwa nini katika kumbukumbu za dada yake kuna mwanamke mwenye meno mengi anayesema hongera. Nikasema ni kosa la kubandika karatasi. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka simu ikapiga kelele. Akasema nisubiri Jumatano atakuja na mashine yake, nimwekee picha zenyewe, na atapika yeye. Faida nyingine ya mdudu. Nimeiandika.

Fundi kafika saa tatu. Hakuvua mkoba. Akafungua mashine, akabonyeza hapa na pale, akanigeuzia skrini. Kumbe mashine nayo ina rejista yake! Inaandika kila flashi inayochomekwa, siku, saa na dakika. Akasema taratibu: "Jumatano, saa nane na dakika tisa. Mimi nilitoka hapa saa nane, mzee wangu."

Nimekuwa nikiwanasa watu kwa rejista maisha yangu yote. Sikujua inavyouma.

Nikatoa kopo. Nikampa Nakala ya Kwanza. Akauliza kama kuna nyingine. Nikasema hakuna. Ile ya Pili iko kwa shemeji, kwa hiyo haihesabiki, na ya Tatu ilikuwa chini ya vifungo, haionekani, na kitu kisichoonekana hakikuulizwa. Akaitazama ile karatasi niliyobandika, mwandiko wangu mzuri, Nakala ya Kwanza. Nilidhani atanifokea. Akauliza kama nilikusudia kuiweka milele. Nikamwambia mtu akishafuta kitu kabisa hana ushahidi kwamba kiliwahi kuwepo. Akaiweka flashi mfukoni mwake.

Akasema hakuna tena mzaha, anafuta diski yote na kusakinisha kila kitu upya. Alikwisha kunakili picha na orodha yangu ya anwani kwenye diski yake na kuzichunguza moja moja. Picha za mke wangu ni elfu moja na mia mbili, zote alizipitia. Ilichukua mpaka saa tisa. Chai alikunywa. Mandazi alileta yeye, kafungiwa na mke wa Profesa, nikayala kwa kinyongo. Ni matamu.

Mashine sasa ni mpya kabisa. Inaamka haraka, haina neno. Alipokuwa anavaa viatu akasema: "Mimi Jumamosi napita hapa nikienda kwa mama. Si lazima kitu kiharibike."

Nimefikiri sana alikuwa na maana gani. Nadhani ni dhamana ya kazi yake.


Jumapili, tarehe 9 Machi

Saa nne kamili. Nimevaa tai. Mashine haikuganda hata mara moja!

Nimemwona. Ana paji la uso la mke wangu na masikio yangu, maskini. Alipiga chafya mbili. Alitazama kwenye skrini, binti anasema watoto wa umri huo hawaoni mbali, lakini mimi nilikuwa pale na najua alinitazama. Nilimpungia mkono. Nilisema habari yako. Kwa nini nilisema habari yako? Mtoto wa wiki saba! Mkwe wangu alicheka kwa nyuma.

Kisha binti akampa mumewe mtoto, akasogea karibu. Ana weusi chini ya macho, halali vizuri. Akasema alipata ile barua ya Jumatano. Mumewe alimwambia asibonyeze, inaonekana ya wizi, hakubonyeza, aliisoma tu. Aliisoma akiwa ananyonyesha. Akamsomea na mtoto.

Akasema: "Baba, yale maneno uliandika wewe au kirusi?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza swali jepesi kama hilo. Lilihitaji neno moja. Nilikuwa na tai, nilikuwa na mashine mpya, skrini safi, hakuna kengele, hakuna mtu wa kuniingilia. Nilijiona kwenye kale kadirisha kadogo pembeni, mzee amekaza shingo kama anapigwa picha ya kitambulisho. Miaka minne nimetaka kumwambia yale maneno. Siku anaondoka kwenda huko, kituoni, niliyabeba mdomoni mpaka mlangoni, nikamwambia achunge stakabadhi.

Nikasema kirusi.

Akasema, "Nilijua."

Alitabasamu, lakini tabasamu lilianza vizuri likaishia njiani. Akauliza kama nakula. Nikamwambia nakula. Akasema mtoto anataka kulala, na Jumapili ijayo hana hakika, kuna wageni, ataona. Mazungumzo yote dakika kumi na moja. Nilitegemea saa nzima. Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi mambo kumi na manne ya kuzungumza, tulifika la pili.

Baada ya hapo nikakaa na tai yangu. Kwa Profesa viatu jozi kumi na moja. Alinipungia mkono kutoka barazani, akaniita kwa ishara nivuke nikanywe chai. Nikajifanya namtazama ndege. Mtu huvuka barabara akiwa na sababu, na mashine yangu ni nzima.

Ni nzima kweli. Nimekaa mbele yake mpaka saa nane mchana. Haikusema chochote.


Jumatatu, tarehe 10 Machi

Leo asubuhi nimeamua kumaliza jambo hili kiume. Nimwandikie binti mwenyewe, kwa mkono wangu, maneno yale yale. Ni zile sentensi mbili za mwanzo tu. Mdudu aliyaandika kwa watu mia na thelathini na nane katika dakika chache.

Saa mbili nimeanza. Nimeandika tarehe. Nimeandika Kumb. Na. Nimefuta. Nimeandika Mpendwa binti yangu, nikaona kama barua ya mkopo, nikafuta. Nimeandika YAH: KUKUKUMBUKA. Nimetazama maneno hayo muda mrefu. Nimefuta. Nimeandika Husika na kichwa cha habari hapo juu, kichwa chenyewe nimeshakifuta. Saa nne nimepata sentensi nzima: Napenda kukuarifu kwamba hali ya hewa huku ni ya kuridhisha. Nimeisoma kwa sauti. Marehemu alikuwa akisema naandika kama mlango uliofungwa. Alikuwa anasema huku amenishika shingo, kwa hiyo sikuona ubaya wake.

Nikavua miwani nikalia kidogo. Naandika kwa sababu ni kweli. Dakika kama sita.

Kisha nimepata wazo. Zuri sana! Sijui kwa nini halikunijia mapema.

Binti habonyezi. Alisema mwenyewe, anasoma tu. Basi barua haina madhara kwake, ni maneno matupu, na maneno ndiyo ninayotaka yafike. Safari hii akiuliza nitasema ni mimi. Nimejizoeza mbele ya kioo: ni mimi. Imetoka vizuri mara mbili kati ya tano. Na Mkuu wangu aliomba itumwe tena, anangoja, na ni mgonjwa. Shemeji anakuja Jumatano hata hivyo. Profesa akipata tena itabidi avuke yeye. Na fundi hatasubiri mpaka Jumamosi. Kila upande naona faida tupu.

Nimetoa vifungo kwenye kopo. Nakala ya Tatu ipo. Ndiyo maana nasema nakala ziwe tatu! Walinicheka ofisini miaka thelathini na moja, wangekuwa hapa leo!

Lakini siwezi kuitumia nakala ya mwisho bila akiba. Kwa hiyo nimekwenda duka la madaftari kununua flashi tatu mpya. Nimeinama nyuma ya rafu fundi asinione. Nimetoa nakala, nimebandika karatasi, nimeingiza kwenye rejista: ya Nne, ya Tano, ya Sita. Orodha ya anwani imefunguliwa, jina la binti yangu liko la kwanza kabisa. Maji ya chai yako motoni. Vikombe vya wageni viwili mezani, nimevifuta. Tai nimeivaa.

Saa sita na dakika mbili nimebonyeza.

Kengele imelia. Hongera, amesema, umechaguliwa. Nimemwambia asante, karibu.